Kwa nini nafasi ya kitanzi isikae ndani ya orodha yenyewe? Swali kuhusu ruwaza ya iterata

mgeni_wa_obijekti:

Salaam wanajukwaa.

Ninajifunza usanifu wa programu kwa kutumia Java na nimefikia ruwaza ya iterata, yaani mtindo uliozoeleka wa kupitia mkusanyiko wa vitu kimoja kimoja. Maelezo yote niliyoyasoma yanasisitiza kwamba mkusanyiko wa vitu usibebe jukumu la kupitiwa kipengee kwa kipengee, bali jukumu hilo lipewe obijekti nyingine inayojitegemea. Nilielewa maneno, sikuona faida, kwa hiyo nikaamua kurahisisha. Klasi yangu inaitwa OrodhaYaKazi. Ndani yake kuna safu ya kazi, idadi ya kazi zilizomo, na kigeu kimoja cha ziada nilichokiita nafasi. Kisha nikaandika methodi tatu: anza(), inayorudisha nafasi kwenye sifuri, ipo(), inayojibu kama mbele bado kuna kazi, na ifuatayo(), inayotoa kazi iliyofikiwa na kuisogeza nafasi hatua moja. Kwa muda mrefu klasi hii ilinitumikia vizuri, hata nikaanza kuamini kwamba watu wanaoongeza klasi ya pili wanajisumbua bure.

Juzi nilihitaji kulinganisha kila kazi na nyingine zote ili nijue zipi zinagongana kwa saa. Nikaandika kitanzi ndani ya kitanzi:

    orodha.anza();
    while (orodha.ipo()) {
        Kazi a = orodha.ifuatayo();
        orodha.anza();
        while (orodha.ipo()) {
            Kazi b = orodha.ifuatayo();
            linganisha(a, b);
        }
    }

Orodha ya majaribio ina kazi nne, hivyo nilitarajia ulinganisho ufanyike mara 16. Umefanyika mara 4 tu, na programu ikamaliza kwa utulivu bila kutoa hitilafu yoyote. Nilipoiondoa anza() ya pili, idadi ikashuka hadi 3. Nimeusoma msimbo huu mara nyingi na kila mstari unaonekana sahihi. Naomba kueleweshwa mambo mawili: kosa liko wapi hasa, na je, linaweza kurekebishwa bila kuongeza klasi nyingine?

---

fundi_vitanzi:

Ndugu mgeni, umeuliza vizuri kwa sababu umeleta namba. Hizo 4 na 3 zinaeleza kila kitu, ukikubali kushika kalamu na kuifuatilia programu yako hatua kwa hatua.

Tuziite kazi zako K1 hadi K4. Kitanzi cha nje kinaanza, nafasi ni 0, kinachukua K1, nafasi inakuwa 1. Hapo kitanzi cha ndani kinaita anza(), na nafasi inarudi 0. Kinachukua K1, K2, K3 na K4, nafasi inafika 4, ipo() inajibu hapana, kitanzi cha ndani kinakoma. Umefanya ulinganisho mara 4. Sasa kitanzi cha nje kinazinduka na kuuliza: je, ipo? Nacho kinakitazama kigeu kilekile, ambacho kimeachwa kwenye 4, na kinajibiwa hapana. Hakina njia ya kujua kwamba chenyewe kilikuwa kimefikia 1 tu. Ulipoiondoa anza() ya pili, kitanzi cha ndani kiliendelea pale cha nje kilipoishia, kikazila K2, K3 na K4, ndiyo maana ukapata 3. Mshika mbili moja humponyoka, na orodha yako imeshikishwa safari mbili kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo hakuna mstari uliokosewa. Kilichokosewa ni mahali kigeu kinapoishi. Jiulize: orodha ya kazi nne, ikiwa imekaa tu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ina «nafasi iliyofikiwa»? Haina. Ina kazi, ina mpangilio, ina idadi. Nafasi ni ya anayesoma, na wasomaji wakiwa wawili nafasi nazo ni mbili. Iterata si kitabu, ni kidole kinachofuata mistari ya kitabu. Ukikiona hivyo, ule mzigo wa klasi ya pili hauonekani tena kuwa urembo, kwa sababu kuna kitu cha kweli ambacho kilikuwa hakina nyumba yake.

Kuhusu swali lako la pili, ndiyo, njia ipo: kabla ya kitanzi cha ndani uihifadhi nafasi kwenye kigeu cha muda, na baada yake uirudishe. Itafanya kazi leo. Lakini fikiria kwamba baada ya muda mtu anaongeza ndani ya linganisha() mstari unaoita methodi ya kujumlisha saa za kazi zote, na methodi hiyo, bila wewe kuiona, inapitia orodha hiyohiyo kwa anza() na ifuatayo(). Kitanzi chako kitavunjika tena, safari hii kwa kosa lililo kwenye faili jingine kabisa. Utalazimika kuwaambia wote wanaoigusa klasi hii kwamba kila anayepita ahifadhi nafasi na kuirudisha. Wakati huo kila mmoja wao atakuwa anaandika iterata kwa mkono, tena vibaya.

Njia ya kudumu ni hii:

    class OrodhaYaKazi implements Iterable<Kazi> {
        private Kazi[] kazi;
        private int idadi;

        public Iterator<Kazi> iterator() {
            return new Msafiri();
        }

        private class Msafiri implements Iterator<Kazi> {
            private int nafasi = 0;

            public boolean hasNext() {
                return nafasi < idadi;
            }

            public Kazi next() {
                if (nafasi >= idadi)
                    throw new NoSuchElementException();
                return kazi[nafasi++];
            }
        }
    }

Tazama kwamba kigeu ni kilekile na hesabu ni ileile, kimehama tu. Kila anayeita iterator() anapewa Msafiri mpya mwenye nafasi yake. Kwa kuwa Msafiri ni klasi iliyo ndani ya OrodhaYaKazi, anaiona safu ya kazi moja kwa moja, ilhali walio nje hawaioni. Na kwa kuwa umekitimiza kiolesura cha Iterable, yaani orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo, sasa unaweza kutumia kitanzi kifupi cha for, kimoja ndani ya kingine, na Java yenyewe itaomba Msafiri mpya kila kitanzi kinapoanza.

Angalizo moja ambalo wanafunzi wengi hulipuuza: hasNext() isisogeze chochote. Anayeitumia ana haki ya kuiuliza mara moja, mara kumi, au asiiulize kabisa, na jibu la next() lisibadilike kwa sababu hiyo.

---

nambari_tu:

Nimesoma maelezo hapo juu na sina ubishi juu ya kosa lenyewe, lakini nadhani tiba imezidi ugonjwa. Mwuliza swali angeweza kuweka methodi mbili tu kwenye orodha yake, pata(i) na idadi(), kisha akaandika vitanzi viwili vya kawaida vyenye i na j. Kila kitanzi kina kigeu chake, hakuna klasi ya ndani, hakuna kiolesura, na msomaji yeyote anaelewa papo hapo. Hizo i na j nazo ni nafasi zinazoishi nje ya orodha, kwa hiyo sharti la fundi limetimia.

Mara nyingi ninaona ruwaza za usanifu zikitumiwa kama vazi la sherehe, zinavaliwa hata pasipo na shughuli.

---

bi_mantiki:

Ndugu nambari_tu, una haki kwa nusu, na nusu hiyo niikubali kwanza: kwenye safu ya kawaida, i na j zinatosha, na sitamlaumu mtu anayezitumia. Umeona pia jambo ambalo wengi hawalioni, kwamba namba ya nafasi yenyewe ni iterata ya kimaskini. Ni kidole kinachofanya kazi kwa sharti kwamba mkusanyiko unaweza kukitafsiri haraka.

Sharti hilo ndilo tatizo. Tuseme kesho mwuliza swali anabadilisha safu na kutumia orodha-unganishi, ambamo kila kipengee kinajua jirani zake tu. Msimbo wako wa pata(i) utaendelea kukubaliwa na Java, utaendelea kutoa majibu sahihi, na utakuwa wa polepole mno. Katika LinkedList ya Java, kukipata kipengee cha i huanzia kwenye ncha iliyo karibu zaidi, kwa hiyo kwa wastani hutembea robo ya orodha. Ukiwa na vipengee 100,000, wastani huo ni hatua 25,000 kwa kila pata(i), na kitanzi kimoja tu, si viwili, kitahitaji hatua kama bilioni 2.5. Iterata ya orodha hiyohiyo inashikilia kiungo cha kipengee ilichofikia, inahamia kwa jirani, na inamaliza kwa hatua 100,000. Tofauti hiyo haionekani kwenye orodha ya kazi nne. Inaonekana siku programu iko mikononi mwa watumiaji.

Kisha kuna mikusanyiko ambayo pata(i) haina maana kabisa. Seti inayojengwa kwa hashi haiweki vipengee kwa mpangilio, kwa hiyo haina kipengee cha tatu. Mti wa matawi mawili una mpangilio, lakini nafasi ndani ya mti si namba moja. Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu naamini mti ndio unaoifundisha ruwaza hii vizuri kuliko orodha.

Ukitaka kuupitia mti uliopangwa kuanzia kipengee kidogo hadi kikubwa, njia iliyozoeleka ni methodi inayojiita yenyewe: nenda kushoto, toa kilichopo, nenda kulia. Ni mistari mitatu na inapendeza. Sasa mtumiaji anasema anataka vipengee vitano vya kwanza tu, kisha asimame, afanye jambo jingine, na arudi baadaye kuchukua vitano vingine. Methodi inayojiita haiwezi kusimama katikati, kwa sababu «tumefika wapi» imetawanyika kwenye miito ambayo haijarudi. Iterata ya mti inachukua kile kilichotawanyika na kukiweka kwenye rundo lake, ambamo kilichowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Inapozaliwa, inashuka kushoto hadi mwisho ikiweka kila nodi (kipengee cha mti) juu ya rundo. Kila next() inapoitwa, inaondoa nodi ya juu na kuitoa kama jibu, lakini kabla ya hapo, ikiwa nodi hiyo ina mtoto wa kulia, inaingia kwake na kushuka tena kushoto hadi mwisho, ikiendelea kuweka. Kila nodi huingia kwenye rundo mara moja na kutoka mara moja. Rundo halizidi kimo cha mti, na kwa mti uliosawazishwa kikamilifu wenye nodi kama milioni moja, kimo hicho ni takribani 20. Kwa hiyo «nafasi» ya iterata hii ni rundo zima la nodi, lakini anayeitumia haoni rundo. Anaona hasNext() na next() kama alivyoziona kwenye safu.

Hapo ndipo panapotoka faida ya pili ambayo fundi hakuigusa. Methodi inayopokea iterata haijui, na haihitaji kujua, kama vipengee vinatoka kwenye safu, kwenye mti, kwenye faili linalosomwa mstari kwa mstari, au kwenye hesabu isiyo na mwisho. Methodi inayopokea i imeshajifunga kwenye umbo moja.

Kuhusu vazi la sherehe, kitabu cha waandishi wanne kilichotoka mwaka 1994 na kuorodhesha ruwaza 23 kiliiweka iterata katika kundi la ruwaza za tabia, lakini wazo lenyewe ni la zamani kuliko kitabu hicho. Lugha ya CLU, iliyobuniwa na Barbara Liskov na wenzake huko MIT katika miaka ya 1970, tayari ilikuwa na iterata kama sehemu ya lugha. Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na Enumeration, mwaka 1998 ikaleta Iterator, na mwaka 2004 ikaifungamanisha na kitanzi cha for. Ruwaza hii imevaliwa muda mrefu kiasi kwamba lugha nyingi zimeishona kwenye ngozi yao, na ukiandika kitanzi kifupi unaitumia hata kama hujawahi kusikia jina lake.

---

mgeni_wa_obijekti:

Nawashukuru sana nyote. Nimehamisha kigeu kama fundi alivyoelekeza, na ulinganisho umefanyika mara 16. Kwa kuwa nilitiwa moyo, nimeiacha safu yangu na sasa klasi inatumia ArrayList ya maktaba, na iterator() inarudisha iterata ya ArrayList hiyo.

Hata hivyo nimeangukia shimo jingine, na hili linanichanganya zaidi ya lile la kwanza. Ninataka kufuta kazi zilizokwisha. Nimeandika kitanzi kifupi cha for, na ndani yake nikikuta kazi iliyokwisha ninaita kazi.remove(k) kwenye ArrayList. Orodha ya majaribio ina kazi tano, na kila mara ninaweka moja tu iliyokwisha. Ikiwa ni ya kwanza, ya pili au ya tatu, programu inakatika kwa ConcurrentModificationException. Ikiwa ni ya tano, inakatika vilevile. Lakini ikiwa ni ya nne, hakuna hitilafu, kazi inafutwa, na programu inaendelea kana kwamba nimefanya jambo halali. Nilidhani nimeota, nikarudia, na matokeo ni yaleyale. Isitoshe, jina la hitilafu linazungumzia mambo yanayofanyika kwa wakati mmoja, nami programu yangu ina uzi mmoja tu wa utekelezaji, yaani inafanya jambo moja baada ya jingine.

---

fundi_vitanzi:

Hukuota. Umegundua kwa majaribio jambo ambalo watu huliishi kwa miaka bila kulijua.

Tuanze na jina. «Kwa wakati mmoja» hapa haimaanishi lazima nyuzi mbili. Maana yake ni kwamba mkusanyiko umebadilishwa wakati safari ya iterata haijaisha, na aliyeubadilisha si iterata hiyo. Wewe mwenyewe, kwenye uzi mmoja, unaweza kuwa watu hao wawili.

ArrayList ina hesabu ya siri ya mabadiliko, inayoongezeka kila kipengee kinapoongezwa au kufutwa. Iterata inapozaliwa inanakili hesabu hiyo. Kila next() inapoitwa, jambo la kwanza inalofanya ni kulinganisha nakala yake na hesabu ya sasa. Zikitofautiana, inatupa hitilafu uliyoiona. Zingatia kwamba ukaguzi huo umo ndani ya next(). Haumo ndani ya hasNext(). Methodi ya hasNext() inauliza swali moja tu: je, nafasi yangu ni tofauti na idadi ya vipengee?

Sasa fuatilia kufuta kazi ya nne. Iterata imeshaitoa ya nne, kwa hiyo nafasi yake ni 4. Unafuta, idadi inashuka kutoka 5 hadi 4. Kitanzi kinauliza hasNext(): je, 4 ni tofauti na 4? Hapana. Kitanzi kinakoma, next() haiitwi tena, na mkaguzi hapati nafasi ya kukagua. Umepona, lakini kwa gharama: kazi ya tano haikutembelewa kabisa. Kama nayo ilikuwa imekwisha, ingebaki kwenye orodha na usingejua.

Fuatilia na ya tano. Nafasi ni 5, unafuta, idadi ni 4. Je, 5 ni tofauti na 4? Ndiyo. Kitanzi kinaamini kuna kinachofuata, kinaita next(), mkaguzi anaona hesabu zimetofautiana, programu inakatika. Ndiyo maana wa mwisho anakamatwa na wa kabla ya mwisho anaponyoka. Nyaraka za Java zenyewe zinatahadharisha kwamba ulinzi huu ni wa kadiri inavyowezekana na usijengewe mantiki ya programu. Upo ili kukuonyesha makosa yako, wala haukuahidi kuyaonyesha yote.

Tiba ni kumwachia afute yule mwenye nafasi:

    Iterator<Kazi> it = kazi.iterator();
    while (it.hasNext()) {
        if (it.next().imekwisha()) {
            it.remove();
        }
    }

Methodi ya remove() ya iterata inafuta kipengee kilichotolewa mwisho, inairudisha nafasi hatua moja ili asirukwe mtu, na inasawazisha nakala ya hesabu. Uiite mara moja tu baada ya kila next(), vinginevyo utapata hitilafu nyingine. Tangu Java 8 unaweza kuandika yote haya kwa mstari mmoja, kazi.removeIf(Kazi::imekwisha), na kwa ArrayList ninaupendelea mstari huo, kwa sababu unasogeza vipengee vilivyobaki kwa mpigo mmoja badala ya kuvisogeza upya baada ya kila ufutaji.

Angalia pia kwamba ukirudisha iterata ya ArrayList kama ilivyo, umempa kila mtu wa nje uwezo wa kufuta kazi zako kupitia remove(). Ikiwa hukukusudia hivyo, rudisha Msafiri wako wa mwanzo. Kwa kuwa hukumwandikia remove(), atakayejaribu atakutana na UnsupportedOperationException.

---

chatu_mpole:

Naomba niongeze neno kwa wanaotumia Python, kwa kuwa huko shimo hilihili halina hata kibao cha onyo. Chukua orodha [12, 0, 0, 7], ipitie kwa for, na kila ukikuta sifuri uifute kwa remove. Utabaki na [12, 0, 7]. Iterata ya orodha inashika namba ya nafasi tu: ulipoifuta sifuri ya kwanza iliyokuwa nafasi ya 1, ya pili ikasogea na kukaa hapo, na iterata ikaruka kwenda nafasi ya 2. Hakuna hitilafu. Kamusi ni kali zaidi: ukiongeza au kufuta ufunguo katikati ya kitanzi, hatua inayofuata itatupa RuntimeError.

Jambo la pili linahusu tofauti kati ya kitu kinachoweza kupitiwa na kipitio chenyewe, ambayo ndiyo swali la kwanza la mgeni katika sura nyingine. Katika Python, tangu toleo la 2.2 la mwaka 2001, for huita kwanza __iter__ ili kupata iterata, kisha hurudia kuiita methodi yake ya kutoa kinachofuata hadi itupwe StopIteration. Orodha ikiulizwa __iter__ inatoa iterata mpya. Jenereta, yaani kitu kinachozalisha vipengee kimoja kimoja kila kinapoombwa, ikiulizwa inajirudisha yenyewe, kwa kuwa jenereta ni iterata tayari. Nilipoteza jioni nzima kwa sababu hiyo: methodi yangu ilipokea vipimo, ikavipitia mara moja kupata wastani, na mara ya pili kupata kila kimoja kinapotofautiana na wastani huo. Nilipoipa orodha ilifanya kazi. Mtu alipoipa jenereta, mzunguko wa pili haukuwa na kipengee hata kimoja, na matokeo yakawa orodha tupu isiyolalamika. Jenereta haikuharibika, safari yake ilikuwa imeisha, na safari iliyoisha haianzi upya. Tangu siku hiyo, methodi inayohitaji kupita mara mbili ninaiandika ili ianze kwa kunakili vipengee kwenye orodha, isipokuwa vikiwa vingi kuliko kumbukumbu inavyoweza kubeba.

Kuna wanaouliza kwa nini wasikwepe yote haya kwa kuupa mkusanyiko funksheni na kuuacha ujipitie wenyewe, kama forEach ya Java inavyofanya. Kwa kazi rahisi ni sawa, na mimi huitumia. Inashindikana pale unapotaka kupitia mikusanyiko miwili sambamba, hatua moja hapa na hatua moja pale, kama unapounganisha orodha mbili zilizopangwa ziwe moja. Hapo lazima wewe mwenyewe ushike vidole viwili na uamue kipi kisogee.

---

nambari_tu:

Bi mantiki, hesabu ya LinkedList nimeijaribu kwenye kompyuta yangu badala ya kubishana nayo, na nilikatisha programu kabla haijamaliza. Ninaondoa hoja yangu kwa mikusanyiko yote isipokuwa safu.

Lakini niruhusuni nirudi kwa mgeni. Katika furaha ya kupata 16, hakuna aliyesema kwamba 16 si idadi anayoihitaji. Anaitafuta migongano. Kazi kujilinganisha na yenyewe hakuna maana, na K1 dhidi ya K3 ni sawa na K3 dhidi ya K1. Jozi za kweli za kazi nne ni 6. Kwa i na j ningeianzisha j kwenye i + 1 na kumaliza. Mnafanyaje kwa iterata?

---

bi_mantiki:

Swali hilo limenifurahisha. Katika C++ jibu ni la kawaida kabisa: iterata ya mkusanyiko kama vector ni thamani inayonakilika, kwa hiyo kitanzi cha ndani kinanakili iterata ya nje, kinaisogeza nakala hatua moja, na kuanzia hapo. Nakala ikitembea, ya asili haitikisiki. Iterator ya Java haina njia ya kujinakili, na huo naona ni upungufu wa kweli wa kiolesura chake. Kwa orodha, Java inatoa ListIterator, ambayo nextIndex() yake inakuambia umefika wapi, na listIterator(n) inakuzalia iterata mpya inayoanzia hapo. Kwa ArrayList ni rahisi. Kwa LinkedList kila uzao unalipa tena ile safari kutoka kwenye ncha.

Ndugu mgeni, ikiwa umemrudisha Msafiri wako, mwongezee kijenzi (msimbo unaoendeshwa obijekti inapoundwa) kinachopokea nafasi ya kuanzia, na uweke kwenye OrodhaYaKazi methodi inayorudisha Msafiri mpya kuanzia nafasi utakayoitaja.

---

mgeni_wa_obijekti:

Nimeongeza methodi kuanzia(int n), na ndani ya kitanzi cha nje ninahesabu nimefika wapi. Ulinganisho umefanyika mara 6, na kuna mgongano mmoja wa kweli, kati ya K2 na K4. Ninakiri kwamba hesabu ya kitanzi cha nje inafanana sana na i ya ndugu nambari_tu. Nimeiita i.